Mwalimu Nyerere na Bustani Ifundishayo

Utangulizi

Mkufunzi akaguaye mazoezi ya kufundisha huona mengi. Siku moja, katika shule ya msingi ambayo sina haja ya kuitaja, niliwakuta watoto wapatao kumi wakipalilia bustani ya shule ilhali wenzao wamo darasani. Nilipouliza sababu, nilielezwa kwamba walikuwa wamechelewa kufika, na bustani ndiyo adhabu yao. Niliingia darasani. Mwanachuo wangu alikuwa akifundisha sehemu za ua kwa mchoro wa ubaoni. Mchoro ulikuwa safi na andalio la somo lilikuwa kamili. Hata hivyo, hatua chache nje ya dirisha palikuwa na mmaboga uliochanua, na nyuki wakiingia na kutoka katika maua yake. Watoto waliokuwa karibu na ua hawakufundishwa chochote. Nao waliofundishwa habari za ua hawakuliona.

Nilipokuwa nikirudi chuoni nilimkumbuka mwalimu mmoja wa mkoa wetu huu wa Mara, ambaye jambo hili lilimshughulisha kwa miaka mingi. Huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Maisha yake yamekwisha andikwa mara nyingi kwa upande wa siasa. Makala haya yanayasimulia kwa upande wa kazi iliyompa jina lake, yaani ualimu, na kwa upande wa ardhi aliyozaliwa juu yake na kuzikwa ndani yake. Lengo ni kumsaidia mwanachuo atambue kwamba bustani ya shule ni zana ya kufundishia, na kwamba zana hiyo huharibika upesi isipotumiwa na mwalimu mwenye nia.

Utoto wa Butiama

Nyerere alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito, na mama yake Mugaya Nyang'ombe, mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Inasimuliwa kwamba siku aliyozaliwa mvua kubwa ilinyesha, ndiyo maana akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika imani ya Wazanaki. Kwa watu waishio kwa mtama, ulezi na mifugo, jina la namna hiyo halikuwa dogo.

Alikua kama watoto wengine wa kijijini, akichunga mbuzi na kusaidia kilimo. Wale miongoni mwetu waliokulia Tarime au Serengeti wanajua elimu apatayo mtoto mchungaji. Hujua mti upi una kivuli, mti upi una miiba, tunda lipi huliwa na lipi ni sumu. Hujua mgunga unapochanua kwa kusikia mvumo wa nyuki kabla hajaliona ua lenyewe. Maarifa hayo hayakuandikwa kitabuni, wala hayakuwa na mtihani, lakini yalikuwa maarifa ya kweli. Swali atakalokuja kuliuliza Nyerere akiwa mtu mzima ni hili: kwa nini mtoto akiingia shuleni hufundishwa kuyaona maarifa ya wazazi wake kuwa si kitu?

Mwanafunzi na mwalimu

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kwani nyumbani alizungumza Kizanaki. Mwaka 1937 alijiunga na shule ya serikali ya Tabora, iliyoendeshwa kwa kufuata mfano wa shule za bweni za Uingereza. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Nyerere aliingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu; na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1943 alibatizwa, akaitwa Julius. Miongoni mwa masomo aliyosoma Makerere ilikuwamo biolojia.

Alipomaliza mwaka 1945 alikwenda kufundisha Shule ya St. Mary's, Tabora, na moja ya masomo aliyofundisha ni biolojia hiyo. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara. Baba wa Taifa, kabla hajawa mwanasiasa, aliwahi kusimama mbele ya darasa na kueleza viumbe hai jinsi waishivyo. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma historia, uchumi na masomo mengine, akapata shahada mwaka 1952.

Aliporudi nchini alikwenda kwanza nyumbani Butiama, akajenga nyumba kwa mikono yake, akimtayarishia makao mchumba wake, Maria Gabriel, ambaye alimwoa Januari 1953. Wakati ule mtu aliyesoma hakutazamiwa kushika udongo. Elimu ilikuwa ngazi ya kuliepuka jembe. Kijana aliyetoka Ulaya na shahada kisha akajijengea nyumba kijijini alikuwa, pengine bila kukusudia, ametoa somo la kwanza la falsafa yake.

Baadaye alifundisha Shule ya St. Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha T.A.A., na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwezi Machi 1955 alilazimika kuchagua kati ya kazi ya shule na kazi ya chama, akaiacha shule. Hata hivyo jina la Mwalimu halikumwacha. Alipokuwa Waziri Mkuu na kisha Rais wa Jamhuri, wananchi waliendelea kumwita hivyo, naye aliliridhia.

Ahadi ya mwaka 1961

Miezi michache kabla ya Uhuru, Septemba 1961, ulifanyika Arusha mkutano mkubwa kuhusu hifadhi ya mazingira katika Afrika. Hapo Nyerere alitoa tamko ambalo baadaye liliitwa Tamko la Arusha. Maana yake ilikuwa kwamba wanyamapori na mapori wanamoishi ni amana, na kwamba serikali ya Watanganyika ingejitahidi wajukuu wa wananchi waikute amana hiyo. Alikiri pia kwamba kazi hiyo yahitaji fedha na wataalamu ambao nchi changa haikuwa nao. Mwaka 1963 chuo cha kufundisha wahifadhi wanyamapori kilifunguliwa Mweka, mkoani Kilimanjaro.

Kwa watu wa Wilaya ya Serengeti habari hii si ya mbali. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, wakati wa ukoloni, na vijiji vinavyopakana nayo vinajua faida yake na gharama yake. Tembo hawasomi mipaka, na usiku mmoja hutosha kumaliza shamba la mahindi. Kwa hiyo mwalimu wa huku hawezi kufundisha hifadhi kama jambo la watalii peke yao. Ni lazima aanzie kwenye kitu ambacho mtoto anakifahamu na ambacho kinamfaa yeye na nyumbani kwao. Ua na nyuki ni mahali pazuri pa kuanzia.

Elimu ya Kujitegemea

Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi karibu mia nne, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo lilimsumbua. Aliona kwamba shule alizorithi kwa wakoloni zilikuwa zikiwatenga vijana na wazazi wao.

Mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, alichapisha kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Wanachuo wote hukitaja katika mitihani. Si wote waliokisoma. Hoja yake ya msingi ilikuwa hesabu rahisi. Wakati ule kiasi cha asilimia 13 tu ya watoto waliomaliza shule ya msingi walipata nafasi ya sekondari, lakini shule za msingi ziliendeshwa kana kwamba watoto wote wangekwenda huko. Walio wengi walirudi kijijini wakijiona wameshindwa, na wala hawakuwa wamefundishwa chochote cha kuwafaa kijijini.

Kwa hiyo alitaka kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya uzalishaji. Tuangalie kwa makini alivyolitaka shamba hilo. Hakulitaka liwe kibarua. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kitakacholimwa, wapime matokeo, waone hasara na faida, na waamue wenyewe matumizi ya sehemu ya pato. Alitaka kazi ya shambani na mafunzo ya darasani viwe kitu kimoja, hata somo la sayansi lielezwe kwa mbolea na udongo ulio mbele ya mtoto. Kwa lugha yetu ya chuoni, alitaka shamba liwe zana ya kufundishia.

Mahali wazo lilipoharibika

Haitamfaa mwanachuo kusimuliwa maisha ya mtu mkubwa kana kwamba kila alilopanda lilistawi. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mkoani mwetu, ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Shule zikaongezeka haraka, na walimu wengi wakaandaliwa kwa muda mfupi. Watoto waliokuwa hawana nafasi wakaipata, na hilo ni jambo kubwa. Lakini darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache ni mzigo hata kwa mwalimu hodari. Katika miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa vijijini, na mahali pengine walihamishwa kwa nguvu, jambo lililoacha machungu.

Katika hali hiyo, shamba la shule katika sehemu nyingi lilibaki shamba tu. Mwalimu aliyechoka aliwapeleka watoto kulima, akakaa kivulini. Mavuno yalihesabiwa kwa magunia, wala hayakuhesabiwa kwa maarifa. Mtoto mkosaji alipewa jembe, na kwa kufanya hivyo shule ikamfundisha kuwa jembe ni aibu. Hilo ndilo hasa alilolipinga Nyerere mwaka 1967. Kosa halikuwa la bustani. Kosa lilikuwa la kuitenganisha bustani na somo.

Kurudi Butiama

Mwaka 1985 Nyerere aling'atuka urais. Wakuu wengi wa nchi katika zama zile waliondoka madarakani kwa kupinduliwa au kwa kifo. Yeye alirudi kijijini kulima. Aliendelea na kazi nyingi za kimataifa, zikiwamo za Tume ya Kusini na upatanishi wa Burundi, lakini Butiama ilibaki nyumbani. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa Butiama siku chache baadaye, mahali paitwapo Mwitongo, yalipokuwa makao ya wazee wake.

Mwaka huo huo wa 1999 ilifunguliwa hapo Butiama Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, ambayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Ndani yake vimehifadhiwa vitu vyake na zawadi alizopewa. Mwanachuo akienda huko na wanafunzi, asikomee kwenye makabati ya vioo. Nje pana mawe makubwa ya Uzanaki, miti, na jirani upo msitu mdogo wa Muhunda, ambao Wazanaki wameuheshimu kwa mila tangu kale. Msitu wa namna hiyo ni makumbusho ya aina nyingine. Umehifadhi mimea ambayo mahali pengine imekwisha kwa kuni na mashamba, na pamoja na mimea hiyo umehifadhi wadudu na ndege waitegemeao. Historia ya mtu na historia ya ardhi zimekaa pamoja mahali pamoja, na mwalimu mwenye akili atazifundisha pamoja.

Namna ya kufundisha kwa bustani

Shule iliyo mbali na Butiama yaweza kuwa na makumbusho yake yenyewe. Kipande cha ardhi cha hatua kumi kwa kumi kinatosha. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, wanafunzi wawaulize wazee wao mimea ya asili ya kijiji: jina lake kwa Kikurya, Kizanaki, Kingoreme, Kiikizu au Kinata, matumizi yake, na wadudu waonekanao kwenye maua yake. Majina hayo yaandikwe kwenye vibao na kusimikwa kando ya mimea. Hapo mtoto ataona kwamba maarifa ya bibi yake yana nafasi shuleni.

Pili, mimea ichaguliwe ili wakati wowote wa mwaka pawe na ua lililofunguka. Mgunga na mkwaju huwavuta nyuki. Mshubiri, wenye maua marefu kama mirija, hutembelewa na ndege aitwaye chozi. Mkuyu una maajabu yake: maua yake yamefichika ndani ya tunda, na huchavushwa na nyigu wadogo mno wanaopenya kwa tundu lisiloonekana kirahisi. Mtoto akipasua tunda la mkuyu na kuwakuta nyigu hao, hatalisahau somo lile.

Tatu, kando ya mimea ya asili yapandwe mazao, ili uhusiano wa pori na chakula uonekane. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na hayahitaji mdudu. Maboga hayazai bila mdudu au mkono wa mtu. Nyanya huzaa zaidi inapotembelewa na nyuki wakubwa weusi watoboao mbao, kwa sababu hulitikisa ua kwa mvumo wao hadi chavua imwagike. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Kahawa ya milima ya Tarime hujichavusha yenyewe, lakini mavuno yake huongezeka nyuki wakiwapo. Basi mzazi akatapo kila kichaka mpakani mwa shamba, hupunguza mavuno yake mwenyewe.

Nne, lifanyike jaribio. Jioni wanafunzi wachague maua matatu ya kike ya mmaboga yatakayofunguka kesho yake. Ua la kike hutambulikana kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. La kiume lina kikonyo kitupu. Maua mawili yafunikwe kwa kitambaa chepesi, la tatu liachwe wazi. Asubuhi na mapema, moja kati ya yale yaliyofunikwa lifunuliwe, lipakwe chavua ya ua la kiume kwa mkono, kisha lifunikwe tena. Jingine lisiguswe. Wanafunzi waandike kila siku waonacho katika jedwali. Baada ya siku kadhaa kiboga cha ua lisiloguswa hunyauka na kuanguka. Kwa maua matatu watoto watakuwa wamejifunza uchavushaji, uandishi wa kumbukumbu na kutoa hitimisho.

Na jambo moja lisifanyike kabisa: bustani isiwe adhabu.

Hitimisho

Siku ile, baada ya kipindi, nilimwomba mwanachuo wangu atoke nje na darasa lake. Alisita, kisha akakubali. Tuliwakuta wale wachelewaji bado na majembe. Mwanachuo akachuma ua la mmaboga na kuanza kuonyesha sehemu zake kwa kufuata mchoro wake wa ubaoni, ambao ulikuwa na sehemu za kiume na za kike katika ua moja. Msichana mmoja katika wale waliokuwa wakiadhibiwa akasema, kwa adabu, kwamba ua lile halizai. Lizaalo ni lile lenye mtoto chini. Alikuwa amefundishwa na bibi yake. Mwanachuo alinyamaza kidogo, akamwita msichana yule mbele, akampa nafasi ya kueleza. Kipindi kilichofuata alichora upya.

Nimefundisha nadharia za elimu kwa miaka kadhaa, na sijapata mfano bora zaidi wa lile alilolitaka Mwalimu Nyerere. Mtoto yule alikuja shuleni na maarifa, na shule nusura imfukuze nayo kwa jembe. Ndugu mwanachuo, karibu utapangiwa kituo, na huenda hapo utakuta vitabu vichache na ubao uliopasuka. Udongo utaukuta. Utakapokwenda nao watoto, nenda na daftari la kumbukumbu na swali la kuwauliza, na wewe mwenyewe ushike jembe la kwanza.